Mkono wa Mchimbaji

Roswitha Uhlig,
Mtaa wa Wafumaji, nyumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Chemnitz.
Jumapili ya pili ya Majilio, 10 Desemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Volkmar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Mkeo Ximena hajambo? Na goti lako ulilolilalamikia mwezi wa tatu, limekubali kupanda ngazi au bado linanuna? Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka kama bei ya siagi, lakini daktari anasema nitawazika wengi. Nikamwambia nimeshawazika wote, amebaki nani? Hakucheka.

Najua huko Chile sasa ni kiangazi na mnakula nje. Huku theluji ilianza kuanguka mapema, na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nimevaa soksi mbili mbili ninapoandika.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu tunaulizana hali ya hewa, dakika nne zinakwisha, kila mtu anarudi kwake. Tena kwenye simu una mdomo wewe, utanikatiza. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho, kwa hiyo kaa kitako.

Kwanza habari za nyumba. Tangu nimzike Mama mwezi wa tatu, nyumba imekuwa kubwa. Mimi niliyepika jikoni mwa shule kwa watoto mia tatu sasa nashindwa kupima viazi vya mtu mmoja. Napika vingi, nakula kesho yake, nakula keshokutwa yake. Redio naifungua asubuhi na kuizima ninapolala, hata ikizungumza habari za kilimo. Nina upweke, Volkmar. Naliandika neno hili waziwazi ili tusilizunguke.

Jumapili iliyopita, ya kwanza ya Majilio, nilimpandisha malaika wangu wa mbao dirishani na mishumaa yake, kama kila mwaka. Nikarudi nyuma nikamtazama. Dirisha zima, malaika mmoja. Nikaenda kwenye kabati la Mama, droo ya chini kabisa, chini ya vitambaa vya meza, nikamtoa mchimbaji wako wa mgodi, yule wa mbao. Ndiyo, mchimbaji wako. Yumo humu ndani miaka yote. Usiruke mistari, nitafika huko.

Alikuwa na mkono mmoja na mshumaa mmoja. Nikamsimamisha hivyohivyo.

Jumatano mlango ukagongwa. Ghorofa ya chini wamehamia watu kutoka Bremen, mama na binti yake wa miaka saba aitwaye Fenja, mwenye pengo mbele na maswali mengi. Mambo ya dirishani kwao hakuna. Mwalimu wake ndiye aliyewafundisha kwamba malaika mmoja ni mtoto wa kike mmoja, mchimbaji mmoja ni wa kiume mmoja, akawatuma wahesabu watoto wa mtaa mzima kwa kutazama madirisha. Basi amesimama mlangoni na daftari.

"Bibi, kwako nimehesabu msichana mmoja na mvulana mmoja."

"Umehesabu sawa."

"Msichana yuko wapi?"

"Si ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia makubazi mpaka mvi. "Wewe?"

"Kwani ulidhani nilizaliwa bibi?"

Akafikiri, akaandika. "Na mvulana? Mbona sijawahi kumwona?"

Ulimi ukaniteleza. Nikasema, "Ametoka kidogo."

"Kaenda wapi?"

"Sokoni. Soko la Krismasi."

"Mbona hana mkono mmoja? Mwalimu kasema wanashika taa mbili, ili waone njia ya kutoka mgodini." Akalitazama dirisha tena. "Labda ndiyo maana anachelewa."

Akashuka ngazi akirukaruka. Mimi nikakaa juu ya sanduku la viatu palepale mlangoni. Ametoka kidogo! Miaka thelathini na minne.

Kesho yake nikamfunga mchimbaji kwa aproni ya Mama, nikamtia mkobani, nikaenda sokoni kumtafutia fundi. Soko unalijua, lipo palepale mbele ya ukumbi wa jiji. Lile piramidi kubwa la mbao, lenye ngazi za vinyago, bado linazunguka na kondoo wake, na yule mchungaji wa ngazi ya pili bado ameinama upande, kama Baba alivyokuwa akisema, kama mtu aliyetoka baa. Lozi zinakaangwa kwa sukari, ubani unafuka, na wapiga tarumbeta wanapiga nyimbo zilezile kule juu mnarani.

Nitakuambia kitu kuhusu soko la Krismasi. Usiende peke yako. Nyumbani mtu unaweza kujidanganya, lakini pale watu wote wamezizunguka meza watatu watatu, wanne wanne, vikombe vya mvinyo wa moto mkononi, na moshi unatoka vinywani kwa kucheka. Nilinunua soseji, sikuwa na wa kunishikia mkoba, nikala nimeubana katikati ya miguu. Nikaomba nafasi kwenye meza ya vijana. Wakanisogezea, watoto wa watu wana adabu, kisha wakanipa mgongo. Baadaye mmoja akageuka, nikafurahi. Alitaka niwapige picha. Nikawapiga nne, nikiwaambia wasogeane, wewe mrefu rudi nyuma, mpaka wakaniuliza kama nilikuwa mwalimu.

Kibanda cha mwisho, karibu na ukuta wa kanisa, ni cha Mzee Ehrenfried, mchonga vinyago. Bado yuko. Sikio moja halisikii, lakini mikono ni ileile. Nilikuwa nimekikwepa kibanda kile miaka thelathini, na sababu utaijua sasa hivi. Akamfungua mchimbaji wako, akamgeuza, akapitisha kidole begani pale palipovunjika.

"Huyu hakuanguka," akasema. "Ona nyuzi za mti zilivyopindika. Huyu kanyongwa mkono. Nani kamfanya hivi?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi!" Nilipaza sauti kwa sababu ya sikio lake. Watu wawili wakageuka na mikate yao.

Sasa, Volkmar, hapa ndipo nilipokuwa napaogopa. Siku ya maziko ya Mama uliniambia kwa simu kwa nini hutaki kukanyaga nyumba hii. Ulisema Desemba ya mwaka tisini na moja ulikuja. Ulishuka kwenye treni na zawadi begani, ukasimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka la mikate, ukatazama dirisha letu ukaona malaika peke yake. Ukasema moyoni, Baba amenifuta, si mwanawe tena. Ukarudi stesheni bila kugonga mlango. Hukumwandikia Baba tena, na alipokufa hukuja. Uliponiambia hayo nilinyamaza, nawe ukadhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa naogopa.

Baba hakukufuta. Ni mimi niliyekufuta.

Uliondoka Agosti ya mwaka themanini na tisa na shanta mgongoni, ukasema unakwenda kupiga kambi Hungaria, kumbe unavuka mpaka kukimbilia Magharibi. Ukabaki wa kuandika kadi. Mgodi ukafungwa, Baba akarudi nyumbani na mapafu yaliyojaa vumbi, Mama yuko kiwandani, na anayefua mashuka na kumwinua usiku ni Roswitha. Lakini jina mdomoni mwao ni Volkmar, Volkmar, asubuhi na jioni. Jumamosi moja ya Majilio, mwaka huohuo wa tisini na moja, ikaja kadi yako, umenunua gari. Mama akaisoma mara tatu kwa sauti. Mimi nilikuwa dirishani napanga mishumaa. Nikamkamata mchimbaji wako nikaunyonga mkono wake mpaka ukakatika. Mkono nikautupa kwenye ndoo ya makaa, mwenyewe nikamficha. Nikawaambia kaanguka, nimempeleka kwa fundi.

Wiki ile ile ukaja ukasimama mbele ya duka la mikate. Ningejua! Hasira hasara, sote tuliimbiwa hivyo tukiwa wadogo. Na wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na miwili.

Kila Majilio Baba aliniuliza, "Fundi bado tu?" Nami nikamjibu, "Bado, Baba, ana kazi nyingi." Miaka mitano mfululizo, mpaka akafa.

Basi pale kibandani Mzee Ehrenfried akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia wa Hermann Uhlig, mchimbaji. Akainama chini ya meza akatoa kopo la biskuti lililojaa viungo: mabawa ya malaika, tarumbeta, miguu ya kondoo. Akachakura mpaka chini, akatoa kifurushi cha karatasi kilichofungwa uzi. Ndani mlikuwa na mkono mdogo wenye mshumaa, mweusi wa makaa. Na juu ya karatasi, kwa penseli, mwandiko wa Baba, ule wa herufi zilizolala: *Mkono wa Uhlig. Mwili utafuata.*

"Alikuja mwenyewe, anahema," akasema yule mzee. "Nikamwambia, Hermann, sasa mimi niunge mkono na nini? Akasema, binti yangu ataleta mwili akiwa tayari, usimharakishe. Kila mwaka akipita hapa. Namwambia hajaja. Anasema, haya, tusubiri."

Umeelewa, mdogo wangu? Alijua. Aliuokota kwenye makaa kwa mikono yake. Kila aliponiuliza kama fundi bado, alikuwa ananifungulia mlango nipite, nami napita kando. Hakunisema hata mara moja. Na wewe hakuacha kukungoja hata mwaka mmoja.

Nililia pale kibandani kama mtoto aliyepotea sokoni. Mzee akanipa kikombe chake cha mvinyo wa moto. "Kunywa kabla haujapoa," akasema, "na usinililie juu ya gundi, haishiki ikilowa." Akaniweka kwenye kigoda chake, tukangoja saa nzima gundi ikauke. Alinisimulia habari za wajukuu wake, nikamsimulia habari za Mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mwezi wa tatu kukaa na mtu bila kutazama saa.

Sasa yuko dirishani, mikono miwili, mishumaa miwili. Mkono wa kushoto una weusi kidogo. Nilimkataza fundi asiupake rangi.

Nimetia karatasi ya Baba ndani ya bahasha hii. Ni yako. Mimi sikuombi unisamehe leo, chukua muda wako, mimi mwenyewe nimeuchukua mwingi. Lakini usimkasirikie Baba tena, hakuna alilokukosea.

Na njoo. Sitalizunguka hilo nalo. Unajua kwa desturi malaika na wachimbaji tunawashusha tarehe mbili Februari. Safari hii simshushi mtu. Atasimama pale Pasaka, atasimama mwezi wa sita jua likiwaka mpaka saa tatu usiku, na majirani watasema Roswitha wa ghorofa ya tatu kachanganyikiwa. Waache waseme. Ukitokea pale mbele ya duka la mikate, sasa ni duka la simu, utaona taa mbili. Usirudi stesheni, panda ngazi. Goti tutalisubiri.

Nisalimie sana Ximena na umwambie ile picha yake ya bustani iko juu ya redio. Msalimie binti yako Matilde, na mwanawe mchanga mbusu kwenye kisigino, bibi yake wa Chemnitz ameagiza. Mzee Ehrenfried naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu awafunike nyote, na kama Baba alivyokuwa akituaga kabla ya zamu: uteremke salama, upande salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda, hata siku niliyokuvunja mkono,

Roswitha

N.B. Kabla sijafunga bahasha Fenja amegonga tena. "Amerudi?" Nikamwambia bado, nimemwandikia. Akanionyesha daftari lake, nyumba namba 14, ghorofa ya tatu. Ameandika: *Msichana: yupo. Mvulana: ametoka kidogo.* Chini yake ameacha mstari mtupu. Nimemuuliza wa nini, akasema ni wa tarehe utakayorudi.