Majina ya Penseli

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hata mkoba sijauweka mezani, Madam Kagendo, mkubwa wa ofisi yetu, ananiita. Hafla ya kumkumbuka Bwana Wanyama itakuwa Jumamosi ya tarehe kumi na nane, ukumbini. Hotuba niandike mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu wengine wote waliofanya kazi naye wamehamishwa. Tumebaki mimi na kabati la faili.

Sawa. Miaka kumi na mbili meza yangu ilitazamana na yake. Afisa wa watoto, mtu wa Webuye, alikuja kisiwani hapa Amu akasema atakaa mwaka mmoja. Akastaafu hapa hapa, mwaka 2021. Akaenda kwao. Mwezi uliopita amelala, hakuamka. Sikwenda mazikoni — Webuye si hapo jirani — na linaniuma.

Nimeandika sentensi ya kwanza, kwa wino, nisije nikaibadilisha: Bwana Wanyama hakupoteza mtoto hata mmoja. Nimeipenda. Na ni kweli.

Jumanne, 7 Oktoba

Kabati limeshika kutu, nimelifungua kwa kulipiga teke. Ndani ni watoto wote waliofikishwa kortini siku zake. Wizi, ngumi, bangi, na mambo mengine makubwa kuliko wao. Juu ya faili ni namba tu. Jina lilikuwa ndani, karatasi ya kwanza.

Lilikuwa. Maana marehemu alikuwa na mtindo wake. Mambo yote aliandika kwa wino, lakini jina la mtoto kwa penseli, kwa herufi kubwa, akiikandamiza utadhani anachonga mlango. Muda wa uangalizi ukiisha, mtoto anaitwa pamoja na mama yake. Anapewa raba. Anafuta mwenyewe. Kisha Bwana Wanyama anazizoa zile chengachenga za raba, anamtilia kiganjani, anamwambia akazimwage baharini, jina lake amerudishiwa.

Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia serikali haiandiki kwa penseli. Akanijibu kwamba serikali haiishi kichochoro kimoja na watoto hawa.

Sasa Madam anataka vijana watano kati ya hao waje waseme machache juu yake. Watano! Majina hakuna, na kichwa changu siku hizi ni chujio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata njia! Ujanja wa darasa la tatu, kule Pate, tulipokuwa tukiiba majibu ya wenzetu. Unailaza penseli ubavu, unapaka taratibu juu ya karatasi. Raba imeondoa weusi, lakini mfereji wa mkono wake umebaki. Karatasi inakuwa ya kijivu, jina linatokea jeupe. Nimepaka faili tano. Mkono wa marehemu, ule ule. Nimelia kidogo, kisha nimejiona mwizi, kisha nimeendelea.

Wa kwanza kutokea ni Abubakr wa Mkokoni. Huyo sikuhitaji kukumbushwa kisa chake, ni jina la baba tu lililokuwa limenitoka. Mwaka 2015, miaka kumi na mitano. Alipewa boti aendeshe, akaambiwa amebeba saruji. Kumbe ni unga, na si wa kupikia. Bwana Wanyama alikaa naye wiki tatu, kila siku na chai ya maziwa, mpaka mtoto akasema nani alimtuma. Akamtaja Bwanamkuu, mwenye maboti, mtu wa kuogopwa. Alisema mbele ya hakimu, milango imefungwa, yeye yuko nyuma ya pazia. Vijana wa Bwanamkuu walikuwa tisa. Bwanamkuu hakujua ni yupi aliyesema. Akafungwa miaka kumi na mitano.

Siku ya kufuta jina nilikuwepo. Mama yake, Bi Mwanamkisi, aliishika ile karatasi baada ya mwanawe kuifuta, akaitazama juani, mbele na nyuma, ndipo akairudisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempigia Sadiq mwenye duka kule Mkokoni, maana simu ya Abubakr ni bahati nasibu. Abubakr akaitwa. Sauti imekuwa ya kiume! Ana miaka ishirini na mitano, anatengeneza injini za boti, mkewe ana mimba. Atakuja Jumamosi, amesema, kwa Bwana Wanyama angekuja hata kwa kuogelea.

Nilipokuwa nikinunua mkate wa mofa, wanawake wawili mbele yangu walikuwa wakisema Bwanamkuu ametoka. Amesamehewa sehemu ya kifungo. Amekonda, mpole, anaswali safu ya mbele. Kila anayemwamkia humwitikia vizuri, kisha humuuliza habari za vijana wake wa zamani, mmoja mmoja, wako wapi siku hizi.

Nimerudi nyumbani na mkate, sikuula.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgeni ofisini. Kijana wa bara, anajiita Jabez, viatu safi mno kwa mji wenye punda wengi namna hii. Anaandika kitabu kidogo cha maisha ya marehemu, ametumwa na familia. Madam amefurahi, kamleta moja kwa moja kwangu. Nimemtilia chai, hakunywa. Alisema Mzee Wanyama ndiye aliyemfundisha kupenda kahawa kali.

Kahawa? Wanyama na vidonda vyake vya tumbo? Harufu tu ilikuwa ikimkimbiza. Nikajiambia labda zamani, kabla ya Amu.

Anasikiliza vizuri, hilo nakiri. Unasema neno, anatulia, unaongeza la pili. Nilipomsimulia habari ya raba, akauliza niliwapataje vijana ikiwa majina yalifutwa. Basi Hayat mimi, na kimbelembele changu, nikamwonyesha! Nikatoa faili, nikamwekea ile karatasi ya kijivu mbele yake, jina jeupe katikati, na Mkokoni chini yake. Nikasimulia kisa kizima. Boti, saruji, pazia. Sikumtaja Bwanamkuu kwa jina, nikajiona mwangalifu.

Akauliza kama huyo atakuja Jumamosi. Nikasema inshallah. Akatoa simu apige picha, nikamkataza. Hakubisha hata kidogo. Nikatoka kuchemsha chai nyingine, ya nani sijui, maana ile ya kwanza ilikuwa bado imejaa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Mama Rosebella, mjane wa marehemu, anitumie picha za kuweka ukumbini. Tumeongea vizuri. Mwisho nikamwambia kijana wao wa kitabu amefika salama.

Akauliza kijana gani.

Nikamwambia Jabez. Akasema, "Bi Hayat, sisi hatujatuma mtu. Hata hilo la kitabu ndio nalisikia kwako."

Nimefungua kabati. Faili ipo. Wino wote upo, kurasa zote. Karatasi ya kwanza haipo.

Jumatano, baadaye

Nimemwambia Madam. Kwanza alisema nisikimbilie mabaya, pengine ni mwandishi tu mwenye tabia mbovu. Nikamwuliza mwandishi gani anaiba karatasi moja na kuacha hadithi nzima. Akainuka, akavaa viatu. Tumekwenda wote polisi.

Afisa wa zamu ameandika kwenye kitabu. Karatasi moja imeibwa, haina bei. Alikuwa mpole, lakini kalamu yake ilikuwa ikisita. Kosa ni nini hasa, aliuliza. Nikamwambia kosa ni langu, hilo la kwanza. La pili halijatendeka bado, ndiyo maana tumekuja.

Nyumba ya wageni alikofikia Jabez wanasema ameondoka tangu alfajiri. Namba yake haiiti.

Alhamisi, 16 Oktoba

Abubakr hapatikani. Nimepiga mara kumi na tisa. Duka la Sadiq — mtandao umeanguka kule kote tangu jana.

Nimewapigia wale wanne wengine, nimewaambia wasije. Nimesema hafla imefupishwa. Mmoja amevunjika moyo, alikuwa ameshanunua shati.

Nimepita msikitini saa za adhuhuri, nikiwa upande wa pili wa njia. Watu walipotoka nilimwona Bwanamkuu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Kweli amekonda. Akasimama, akaniamkia kwa jina langu, Bi Hayat, akasema amesikia tunamkumbuka marehemu, ni jambo jema, Mungu amrehemu. Hakuwa na uadui wowote usoni. Nimeitikia amin.

Ningekuwa na haya ningeandika kwamba nilimtazama machoni. Nilitazama mikono yake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Alhamdulillahi! Saa nane hivi mtandao wa Mkokoni umerudi. Sadiq amepokea. Abubakr yuko salama. Alikuwa Kiunga siku mbili akitengeneza injini, anarudi jioni ya leo.

Nimekimbia tena polisi, Madam mbele, mimi nyuma. Mkubwa wa kituo leo ametusikiliza. Jina la Bwanamkuu limemfanya akae wima. Ametoa boti: maafisa wawili wataondoka kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamfuate Abubakr kwao, wamlete Amu chini ya ulinzi mpaka ijulikane Jabez ni nani.

Nimempa Sadiq ujumbe, nikamfanya aurudie neno kwa neno: Abubakr asipande boti yoyote, asitoke nyumbani, kesho asubuhi mtu wetu atakuja kumchukua. Sadiq akaurudia kwa sauti kubwa, na nyuma yake nikasikia watu wa dukani wakicheka na kuongea. Nimemwambia apunguze sauti. Akasema haya Bi Hayat, akaurudia mara ya pili, vile vile.

Saa kumi na moja amenipigia tena: ujumbe umefika, Bi Mwanamkisi anasalimu, wanatungoja.

Nimekula leo. Nimemaliza hotuba. Nimesema ndani yake habari ya raba na chengachenga, bila majina. Bwana Wanyama angekubali, nadhani. Angenigombeza kwanza, kwa ile sauti yake ya chini, kisha angekubali.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ukumbini, kiti cha nyuma, daftari juu ya mapaja. Watu wamejaa. Picha ya marehemu iko mbele, penseli sikioni. Nani kaichagua hiyo? Mimi.

Niyaandike kwa mpango, maana kichwani hayana mpango.

Boti ya polisi iliondoka saa moja na robo badala ya kumi na mbili na nusu. Mafuta.

Saa mbili na nusu simu yangu ikalia. Bi Mwanamkisi, kwa simu ya dukani. Mchangamfu. Amepiga kuuliza kama mwanawe ameshafika, maana amesahau dawa yake ya kifua, na mkewe ana wasiwasi. Nikamwambia watu wetu bado wako njiani, ndio kwanza wanakuja kwenu.

Akasema, "Mwanangu, mbona mtu wenu amekuya tangu alfajiri? Amemtukua na boti."

Nikauliza mtu gani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kijana wa bara, ana adabu, viatu safi. Yeye mwenyewe alimzuia mlangoni! Alikumbuka ujumbe wangu, akamwambia mwanangu hatoki ila na mtu wa Bi Hayat. Yule akasema ndiye. Akatoa karatasi.

"Ni ile ya Bwana Wanyama," akasema. "Ile mwanangu aloifuta kwa mkono wake. Nimeiyua. Nikamwambia mwanangu, enda, huyu ni wao."

Akaita, Bi Hayat, Bi Hayat, we Hayat. Nikamwambia akae karibu na simu. Ndilo nililopata la kumwambia.

Nilimpigia mkubwa wa kituo, akawapigia watu wake. Saa tatu na dakika hamsini wakajibu wamefika Mkokoni. Hakuna boti waliyopishana nayo. Kutoka kule kuna mikondo kumi ya kupita kwenye mikoko, na mwingine wa kutokea bahari kuu. Wameomba boti ya pili. Inatafutiwa mafuta.

Madam anajua. Uso wake umekuwa wa majivu, lakini wageni wa kaunti wamekaa, kasisi ameomba, shehe ameomba. Amenijia na kuninong'oneza kwamba tukivunja hafla sasa mji mzima utauliza kwa nini, na jina la kijana litatajwa kabla hajapatikana. Huenda ni kweli. Sijui tena lipi ni kweli.

Mstari wa mbele tulipanga viti vitano vya vijana. Niliwakataza wanne, vimeondolewa. Cha tano kipo bado, nimemzuia mwenye kukiondoa.

Kwenye mkoba nimepata raba. Tangu nilipokaa nafuta zile karatasi nne nilizopaka, nimekuja nazo, sikuthubutu kuziacha ofisini. Ule ujivu unatoka. Mfereji hautoki. Nikipitisha kidole nasoma kila herufi, na macho nimefumba.

Bwanamkuu ameingia sasa hivi. Amekaa karibu na mlango, mikono juu ya mapaja. Ameniinamishia kichwa.

Simu kimya.

Madam yuko kwenye kipaza sauti, anasema nani alimjua marehemu kuliko wote. Wanageuka, wananitazama. Wananipigia makofi nisimame. Hotuba ninayo mkononi, sentensi ya kwanza, kwa wino: Bwana Wanyama hakupoteza mtoto hata mmoja