Mluzi Uliomtoa Baba Nje

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile lori lako bado linakutii milimani. Sisi tunaendelea, ila Baba yuko hospitali. Amevunjika nyonga. Usishtuke, daktari anasema atatembea, ingawa kwa mkongojo na kwa kununa.

Tangu macho yamlegee, Baba hatengenezi tena saa za watu. Duka tumelifunga. Akawa mtu wa kukaa chumbani, chai inampolea mbele, ukimsemesha anakujibu nusu neno. Mpaka asubuhi moja akaja sebuleni akipapasa ukuta, akaniambia umerudi. Alikuwa amesikia mluzi wako, ule wa kupanda mara mbili kisha kushuka taratibu, uliokuwa ukiupiga getini tukufungulie.

Hata mimi niliusikia. Nilichungulia dirisha la jikoni, nikamwona ndege, kurumbiza, kifua rangi ya chungwa, amejibanza kwenye michongoma. Shangazi, aliyesomesha sayansi mpaka akastaafu, alinieleza kwamba ndege dume hupiga mluzi kuwaonya madume wenzake kuwa hapa pana mwenyewe, na kumbembeleza jike. Kurumbiza naye huiba sauti za wengine, hata za watu, kuupamba wimbo wake. Hamwiti binadamu yeyote, alisema.

Kaka, sikumwambia Baba. Alishaanza kuoga mapema, kunyoa ndevu, kumaliza chai yake. Alisema unapita tu, unaona haya kuingia kwa yale maneno aliyokutolea dukani mbele ya wateja, siku uliyomwambia unataka udereva. Nikamwitikia kwamba labda kesho utaingia. Nilijisemea uongo huu haumdhuru mtu.

Jumanne nilikuwa uani nafua. Mluzi ukalia ng'ambo ya barabara, naye Baba akaufuata peke yake, akatumbukia mtaroni. Muuza mboga ndiye aliyemtoa. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika: Baba alimwambia kila muuguzi kwamba mwanawe wa kiume alimwona akianguka akakimbia. Nilikuwa nimesimama pale pale, nakunja shuka, nikanyamaza. Nilikuacha ubebe lawama ili mimi nibaki binti mwema.

Jana nilishindwa. Nilimwambia yote, ndege na uongo wangu. Akageukia ukutani. Nilidhani atanifukuza kama alivyokufukuza wewe. Badala yake akaniuliza huyo ndege kajifunzia wapi, maana wewe hujakanyaga pale miaka mingi. Halafu mwenyewe akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ni kwake. Kila nilipokwenda sokoni alikuwa akifungua dirisha na kuupiga mluzi wako, akijaribu kuupatia.

Amenikataza nisikwambie. Nikamwitikia kwa kichwa, kisha nikaja kukaa kwenye benchi la hapa koridoni na kuanza kukuandikia.

Nisamehe, kaka. Yuko wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho. Ukifika ingia moja kwa moja umshike mkono. Usipige mluzi, sasa hatauamini.

Shangazi anakusalimu sana, nami nakuombea njia njema.

Mdogo wako asiyejua kutunza siri,
Chiriku