Pembe ya Nazzareno

Mpwa wangu Tarcisio,

Huku tu wazima. Boga langu mwaka huu lilikuwa kubwa hata mbuzi akazalia ndani yake. Ukibisha, njoo uone.

Rafiki yangu Nazzareno tulimzika wiki moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Rocco. Sanamu ya mtakatifu hubebwa mabegani, juu ya machela, na wanaume wanne, kila mtu na pembe yake, nasi tukabaki watatu. Padri akaleta trekta.

"Padri, huyu si gunia la viazi! Nitambeba peke yangu."

"Ovidio, wewe hata ngazi za baa zinakushinda."

Tukambeba watatu. Tulipofika mlangoni kwa Nazzareno, sanamu ikainamia ile pembe tupu, ikataka kuanguka. Mjane wake, Elvira, akatoka na aproni yake, akaingiza bega pale pa mumewe. Hapa kwetu mwanamke hajawahi kubeba.

"Mnanitolea macho ya nini? Twendeni!"

Elvira ni mfupi, unamjua. Basi sisi wanaume tukakunja magoti tulingane naye, tukaenda hivyo hivyo hadi kanisani, na kijiji kizima hakuna aliyecheka.

Ni mimi mjomba wako,
Ovidio