Chai ya Kichupa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Singida? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umejaa hasira tangu juzi, na nisipokuandikia nitaimwaga mahali pasipostahili.

Unajua ninapika kwenye mkahawa huku Mji Mkongwe wa Unguja, chini ya mpishi mkuu, Bi Asha. Sasa ni Ramadhani. Mchana hatuuzi, jioni tunaandaa futari. Jikoni wote wamefunga isipokuwa mimi Mkristo, kwa hiyo kazi ya kuonja imekuwa yangu. Chumvi ya maharage, utamu wa uji, ukali wa tangawizi kwenye chai, vyote vinapita kinywani mwangu kwanza. Bi Asha mwenyewe huniambia, "Mwanangu, ulimi wetu nshakukabidhi wewe."

Juzi Bi Asha alikwenda mazikoni, mtaa wa Mpendae. Salim, mpwa wa tajiri yetu na msimamizi wa mkahawa, akaingia jikoni na kichupa cha arki, yale matone ya harufu. Eti anaiboresha chai, maana kutwanga iliki na mdalasini kunachelewesha kazi. Mama, mashamba ya viungo ya Kizimbani yako kisiwani hapa hapa, yananukia mpaka barabarani, na mtu mzima anatuletea harufu ya dukani. Akamimina. Nikaonja, nikamwambia inanuka sabuni.

"Nyinyi Wabara mnajua nini chai ya viungo?" akanijibu. "Peleka mezani."

Nikapeleka, na kwa hilo najilaumu. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa watu wakafungua kwa tende, wakanyanyua vikombe, wakavirudisha mezani. Mzee mmoja seremala, mteja wetu wa kila siku, akauliza kwa upole nani kaosha birika asilisuuze. Salim akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Aliyeonja yule Mbara."

Nikalitua sinia mezani kwa kishindo. Bi Asha ndiyo kwanza anaingia kutoka mazikoni, baibui bado mwilini. Akachukua kikombe, akanywa funda moja.

"Neema, uliionja hii?"

"Ndio, Bi. Nliionja."

"Ukasemaje?"

"Nlisema inanuka sabuni."

Akamgeukia Salim. "Kasema, hajasema?"

Salim akakubali kwa kichwa, Bi Asha akaendelea:

"Sisi tumefunga, huyu ndiye anayetuonjea. Akikwambia mbaya nawe ukasema ipelekwe, basi watu na saumu zao umewafuturisha sabuni wewe, si yeye."

Tukamwaga birika zima, tukatwanga iliki upya, wageni wakajishikiza kwa mihogo ya nazi wakisubiri.

Salim hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijasahau. Lakini jana alasiri alikuja mwenyewe na kikombe, akasema, "Onja." Nikaonja. Chai ilikuwa nzuri sana. Nikaonja tena, na tena, nikamwacha amesimama.

Nisalimie dada na wanawe, baba mdogo fundi baiskeli, na bibi aliyenifundisha kusonga ugali. Na wewe, mama, uliyekuwa ukinichapa mwiko mkononi kila nikifunua chungu chako, ujue kwamba huku hawapakui mpaka nidokoe.

Mwanao mdokozi,
Neema