Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Kijani

Jumamosi, 3 Mei

Kivuko cha kwanza kimejaa. Mama mmoja amegoma kumtoa mbuzi wake kwenye foleni. Nimemwambia mbuzi hapangi foleni, akasema basi na apite bure. Kichwa kinaniuma tangu hapo.

Mchana nimekabidhi zamu, nimefunga dirisha la kibanda cha tiketi, nimepanda mtaa wa Mirongo kwenye kikao cha wasomaji. Tuko kumi na mmoja, chumba cha nyuma ya duka la madaftari. Utaratibu uleule. Kila mtu anasimama, anasema anasoma nini. Kama amekipenda anakisifia, kisha anakiweka mezani ili anayekitaka aondoke nacho. Sharti la Mwalimu Deo, mwenyekiti wetu, ni moja: hakuna kusifia kitabu ambacho hujakimaliza. Mwaka jana alimfukuza jamaa mmoja aliyekuwa anasoma maelezo ya nyuma ya jalada tu, halafu anakuja kutuhubiria.

Zamu yangu nikasifia kitabu cha kijani. Mwanamke anamwacha binti yake mdogo kwa bibi, anahangaika miji ya watu miaka na miaka, kisha anarudi. Nilieleza vizuri. Nilieleza vizuri mno. Watu waliacha kutafuna karanga.

Milembe akauliza: mtoto alimtambua?

Nikasema ndiyo. Alitoka mbio, akampokea mzigo.

Sijui nilipatwa na nini. Kitabu changu kinaishia ukurasa wa 196. Mama amesimama langoni, mkono kwenye kamba ya lango. Kurasa zilizobaki zimechanwa. Nilikinunua hivyo kwa muuzaji wa vitabu chakavu bila kujua, na nilipofika pale nilimtukana peke yangu chumbani.

Mezani sikukiweka. Nimesema binamu yangu ameondoka nacho Musoma. Kiko kwenye droo ya kibanda.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Ni neno moja tu, ndiyo. Litasahaulika.

Alhamisi, 8 Mei

Halijasahaulika.

Milembe amekuja dirishani saa nne na hasafiri. Ni fundi cherehani huko Nyakato, tunakaa kiti kwa kiti kikaoni mwaka wa tatu huu. Nilidhani namjua. Leo ndiyo ananiambia ana binti Sengerema, kwa mama yake. Alimwacha ana miaka mitatu, sasa ana kumi na miwili. Anatuma sare, anatuma viatu. Mwenyewe hajakanyaga. Kila mwaka anasema mwakani.

Shule zikifungwa anakwenda. Jumamosi ya tarehe saba Juni, kivuko cha kwanza. Anasema kitabu changu ndicho kimempa miguu.

Akataka asome pale mwisho tu, kurasa mbili tatu. Nikasema Musoma tena.

Kitabu kilikuwa kinanigusa goti ndani ya droo. Yeye yuko upande wa pili wa tundu ananishukuru. Mlango wa kibanda hufungwa kwa ndani kwa usalama wangu. Leo nimeuona kama wa mahabusu.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee Bulugu amekipata.

Huyu ni mpima ardhi mstaafu, anaishi Sengerema, anavuka Jumanne kumwona dada yake mgonjwa na Jumamosi kuja kikaoni. Jirani yake mwalimu amefariki, familia imegawa sanduku la vitabu, nacho kilikuwa ndani. Alikiinua mbele ya wote. Jalada la kijani, kizima, kurasa 212.

Wakapiga makofi. Milembe akamwomba afungue mwisho atusomee. Mzee akakataa. Amesema hajawahi kuanza kupima shamba kutokea mwisho. Atasoma kurasa tano kwa siku, na rula chini ya mstari, kama asomavyo vyote. Akimaliza atasimama aseme.

Nilipiga makofi na mimi.

Jumanne, 13 Mei

Shikamoo mzee. Marahaba, ukurasa wa kumi na tano.

Hajui kwamba ananisomea hukumu.

Jumamosi, 17 Mei

Thelathini na tano.

Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamu. Kurasa tano kwa siku, atafika 196 tarehe kumi na tisa Juni. Milembe atakuwa ameshaenda.

Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi. Aende huko na uongo wangu mkobani, litakalomkuta limkute, mradi mimi nisiaibike kikaoni. Mtu wa hovyo kabisa mimi.

Jumanne, 20 Mei

Hamsini.

Baada ya kazi nimekwenda Nyakato, nimeamua nimwambie. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nimemkuta Milembe kwenye cherehani, anashona gauni la kitambaa cha maua ya njano. Hajui binti ni wa kimo gani. Amemwita mtoto wa jirani mwenye umri huohuo, akampima huyo. Ameacha upindo mpana chini na ubavuni, kama ni mrefu ataachia, kama ni mnene atapanua.

Akaniuliza kama mikono iwe mirefu au mifupi. Nikasema mifupi.

Sentensi yangu nimerudi nayo nyumbani.

Jumatano, 21 Mei

Mvua ya nje ya msimu. Abiria wachache. Nimefungua droo, nimesoma ule ukurasa wa 196 mpaka nimeukinai.

Niandike basi. Yule mtoto ni mimi.

Mama aliniacha kwa bibi, kijiji cha ufukweni kule kwetu Musoma, akaenda Geita kutafuta maisha. Nilikuwa na miaka kumi aliporudi. Nilisikia sauti yake uani nikaijua palepale. Nikakimbilia ghalani, nikajibanza nyuma ya magunia ya udaga, mihogo yetu mikavu. Sikumchukia. Nilitaka nitafutwe. Nilitaka aite jina langu mpaka achoke, apekue gunia moja moja, anikute, alie. Aliita Eunike mara mbili. Nikasema moyoni bado, aite tena.

Nilipotoka, kikombe alichonywea maji kilikuwa kizingitini. Bado kimelowa. Bibi akasema alikuwa anawahi gari.

Hakurudi. Alifia hukohuko nikiwa darasa la saba.

Kwa hiyo Milembe alipouliza, sikumjibu cha kitabuni. Nilijibu nilichotakiwa kufanya mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Sabini. Milembe amewaambia wote habari za safari. Mwalimu Deo amesema hii ndiyo kazi ya vitabu. Wamenigeukia mimi kwa tabasamu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Jumanne, 27 Mei

Magugu maji yameziba gati tangu alfajiri. Kivuko cha kwanza kutoka ng'ambo kimenasa ndani yake, karibu kiasi kwamba naona rangi za kanga za abiria. Hakiendi mbele wala nyuma. Nimekitazama siku nzima kupitia tundu langu huku watu wa huku wakinitukana mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeyapanda.

Saa kumi jioni kimefika. Mzee Bulugu ametembea pole pole hadi dirishani, shati limemganda mwilini.

Mia na sabini, amesema. Asubuhi alikuwa themanini na tano. Hakukuwa na cha kufanya kule majini. Amevunja utaratibu wake kwa mara ya kwanza tangu astaafu na inaonekana amefurahia kama mtoto aliyetoroka shule.

Hesabu mpya. Atafika 196 Jumatatu. Milembe anasafiri Jumamosi yake. Nimebanwa huku na huku.

Jumamosi, 31 Mei

Mia na tisini. Kikaoni Mzee amesema tu kwamba mama anakaribia kwao. Milembe akaziba masikio, akacheka, akasema usiniharibie, mwisho nimeshaujua.

Nimesema naumwa tumbo. Nikaondoka mapema.

Jumanne, 3 Juni

Leo hakutaja namba. Ameweka rula yake kwenye kidirisha, akasubiri mtu wa nyuma yake apite.

"Binti yangu, kitabu chako kiliishia ukurasa wa ngapi?"

Nikasema mia na tisini na sita.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata kipimo alichokitegemea. Yuko 205. Mtoto hajatoka. Yumo ndani, amechungulia dirishani, hatoki. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Amesema Jumamosi atasimama aseme alichosoma, hawezi kusema kingine. Halafu akauliza Milembe anasafiri lini. Nikamwambia siku hiyohiyo asubuhi.

Akasema basi siku bado zipo. Akachukua rula yake.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee amepiga simu. Amemaliza. Mtoto hakutoka kabisa. Jua linaelekea kuzama, mama anaacha mzigo langoni, anaondoka. Kitabu kimeisha hapo.

Nimemwandikia Milembe ujumbe, nimeufuta. Nimeandika, nimefuta. Naogopa akijua hataenda. Naogopa asipojua ataenda, mtoto asitoke, naye ageuke kama yule wa kitabuni. Kama mama.

Sijala.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikuwa kibandani kabla ya saa kumi na mbili. Amekuja wa tano kwenye foleni. Amesuka. Gauni liko kwenye mfuko, limekunjwa ndani ya gazeti. Ameinama kwenye tundu anacheka.

"Nikatie, dada, kabla sijaghairi."

Nilikuwa na mashine ya tiketi mkononi. Ningekata angeondoka. Nikafungua droo, nikatoa kitabu, nikakipitisha chini ya kioo. Nikamwambia fungua mwisho.

Amefungua. Amepitisha kidole kwenye mabaki ya kurasa zilizochanwa. Nyuma wameanza: vipi huko, kivuko kinatuacha. Nikasema yote, haraka, bila kupanga. Kwamba sikumaliza. Kwamba nilitunga. Kwamba kwa Mzee Bulugu mtoto hakutoka, mama akaondoka. Uso wake ulikunjamana mbele yangu.

"Kwa hiyo hatatoka."

Nikamwambia sijui. Nikamwambia kile ninachokijua mimi, ambacho sijawahi kumwambia mtu. Magunia ya udaga. Aliita mara mbili. Kikombe. Nilikuwa natoka, Milembe, nilikuwa natoka, nilitaka tu anitafute kidogo zaidi. Nililia na sare mwilini, mbele ya foleni nzima. Mwanamume mmoja alianza kufoka, mwenzake akamwambia nyamaza.

Nikasema: "Asipotoka, usiondoke. Kaa hapo. Kesho kaa tena."

Alinirudishia kitabu kupitia tundu. Alisimama pembeni, akawaacha watu kama kumi wakapita, anaangalia maji. Nilikata tiketi zao bila kuwaona. Honi ya kwanza ikalia.

Akarudi. Akasema nikatie. Hakuniita dada.

Mchana Mirongo nilisimama kabla Mzee hajasimama. Nimeweka kitabu mezani, kimefunguka pale kilipochanwa, nimesema. Mwalimu Deo amevua miwani, ameifuta muda mrefu. Adhabu yangu ni miezi miwili nasikiliza tu, sisifii kitu. Ni haki. Mzee Bulugu aliposimama, alisema chake kwa ufupi, akaweka kitabu chake kizima juu ya changu.

Hakuna aliyekwenda kukichukua.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna ujumbe. Nimefua, nimepiga pasi sare. Nimeangalia simu wakati wa sala, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 9 Juni

Ziwa limetulia. Magugu yamesukumwa na upepo upande wa pili.

Saa tano ujumbe umeingia. Nimeuacha mstari wa watu, nimesoma.

"Juzi hakutoka. Jana hakutoka. Mama anasema niingie ndani nile kama watu, nikamwambia nitakula hapahapa langoni. Leo asubuhi ametoka. Ni mrefu, dada. Hajanisalimia. Ameweka kigoda karibu yangu, amerudi ndani."

Nimesoma mara tatu. Mzee mmoja mwenye tenga la kuku ameuliza kama mashine imeharibika. Nimemwambia hapana, shikamoo.

Nimemjibu Milembe neno moja: kikalie.

Kivuko cha saa sita kimeondoka kwa wakati wake.