Sikulala Siku Ulipozikwa

Mama Khasandi,

Ni mimi, Mama Ayub. Usicheke mwandiko wangu, unajua mimi nilijifunza gumbaru, na wazee wenzangu. Hii barua nimeiandika siku tatu, maana nikishika kalamu nasinzia, na nikiamka nakuta mstari umeteremka mpaka chini ya karatasi.

Wale watoto wangu watatu, kama ulivyokuwa unawaita, bado wako. Presha imetulia kidogo. Sukari imeingia miguuni, siku hizi hata nikikanyaga jiwe sisikii. Usingizi ndiye kitindamimba, hashikiki. Ulikuwa unapitanga kwangu kila asubuhi ukienda mtoni, hata hodi hujapiga: "Wale watatu wameamkaje?" Sasa nameza dawa na hakuna wa kuniuliza, na mara nyingine sikumbuki kama nimemeza ama bado.

Watu wote waliona huu usingizi wangu ni uvivu. Ni wewe uligundua kwamba nikicheka sana ama nikishtuka, magoti yanalegea, naanguka kama gunia, macho yamefunga lakini masikio yanasikia kila kitu. Ndiyo maana ulikuwa unaniambia, "Weka mtungi chini, ukae, ndiyo nikuambie." Halafu unaniambia ya mzee wako na ile mbuzi. Mungu wangu. Tulichekanga, mimi nimelala kwa nyasi siwezi kuinua hata kidole, wewe unanifukuzia inzi na leso. Sijacheka hivyo tena.

Sasa nikuambie yenye inaniuma. Siku ya kukuzika, waliposhusha sanduku, magoti yaliisha. Nikaanguka pale pale kando ya kaburi. Watu wakasema huyu mama analala hata kwa matanga ya rafiki yake. Khasandi wako akaamini. Miezi minne hakunisalimia, mtoto niliyembeba mgongoni. Tukikutana soko la Lurambi anapita upande ule mwingine. Nilitaka kumwambia sikulala. Lakini nani angeniamini, na aliyekuwa ananijua ni wewe peke yako?

Jumamosi ilikuwa makumbusho yako. Baada ya maombi, shangazi zake Khasandi wakaanza kugawa nguo zako. Yule mkubwa akainua lile sweta lako la kijani, akalipima begani. Nikajua naweza kuanguka tena. Nikashika kiti, nikasema, "Hilo liacheni. Ni la Khasandi. Alimwomba mamake kwa kaburi."

Watu wakageuka kuniangalia. Maana Khasandi aliinama akakunong'onezea wewe tu, udongo ukianza kuanguka, na hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa mimi pale chini.

Akanitazama. "Mama, kumbe ulikuwa unasikia?"

"Yote," nikamwambia.

Alikuja akakaa kando yangu, sweta mapajani. Shangazi wakaendelea na leso na viatu, na sisi tuko tu hapo. Jana amekuja kwangu asubuhi, ameniletea maji, akasimama akaniangalia mpaka nikameza vidonge vyote.

Sasa karatasi inaisha, na macho yameanza kufunga. Pumzika, dada yangu. Dawa nitameza, nakuahidi. Na siku Khasandi akiletewa ng'ombe wa mahari, mimi ndiye nitakaa mahali pako. Nikianguka, wataniokota nikiwa hapo.

Wako,
Mama Ayub