Sekunde Arobaini za Mbwa Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amepita leo na filamu yake ndani ya kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Miaka minne ya kazi — yote imo humo. Ni katuni ya watoto kuhusu mbwa saba wanaoishi katika jengo moja la ghorofa. Ataikabidhi Ijumaa ya wiki ijayo, na kesho yake itaonyeshwa kwa watoto katika ukumbi wa maktaba.

"Baba, umetibu mbwa miaka thelathini na nane. Itazame, uniambie ukweli."

Nikamuuliza, ukweli mtupu? Akasema mtupu. Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi, akadakia, "Mwanangu, huyu mtu huwa hapewi ruhusa hiyo." Tukacheka wote watatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitazama mara tatu, kalamu mkononi. Mke wangu alitazama mwanzo tu, dada yake akampigia simu, na simu za dada yake hazina mwisho.

Ubora wake. Picha ni nzuri kweli. Ngazi za jengo, mwanga juu ya vigae — vimechorwa na mtu aliyekaa akaangalia. Mbwa mfupi akikwama kwenye lifti watoto watavunjika mbavu.

Lakini mbwa wenyewe! Wanatokwa jasho usoni. Mbwa hatoki jasho usoni; hupunguza joto kwa kuhema, na jasho kidogo hutoka nyayoni. Mmoja anakula chokoleti, anasinzia kwa raha. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na watoto huiga. Mikia inakwenda kama wipa za gari. Wote saba wanabweka sauti moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni mbwa mzee, Bwana Taratibu. Karibu na mwisho anapita kwenye korido kuelekea mlango ulio wazi. Sekunde arobaini, kimya. Anatembea vibaya. Mbwa akienda polepole hutanguliza mguu wa nyuma wa kushoto, ukafuata wa mbele wa kushoto, kisha wa nyuma wa kulia, kisha wa mbele wa kulia. Hesabu nne. Huyu anainua miguu miwili ya kushoto kwa pamoja, kisha miwili ya kulia, anayumba kama kabati linalohamishwa. Nimeandika:

Na. 30: Korido inaonekana kutoka chini mno, kama anayetazama amechuchumaa.

Na. 31: Mwendo huu si wa mbwa. Tena ni mrefu. Uchorwe upya, ufupishwe.

Makosa thelathini na moja, kurasa nne. Sijaandika ripoti tangu nistaafu. Mkono bado upo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka ripoti mwenyewe. Binti yangu na mwenzake wanafanyia kazi katika chumba kilicho juu ya duka la viatu: kompyuta tatu, feni moja, magodoro ukutani ya kuzuia sauti. Fundi wa sauti akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia mbwa wote wanabweka sauti moja. "Mzee, mbwa wote ni mimi," akasema. "Bajeti iliishia kwenye koo langu."

Binti yangu alisoma akiwa amesimama. Kwenye jasho alicheka. Kwenye chokoleti alijipiga paji la uso. Alipofika mwisho akaweka kidole kwenye namba 31.

"Huu mwendo, baba. Hujawahi kumwona mbwa anayetembea hivi?"

Nikamwambia wagonjwa nimewaona, wenye maumivu, ila hakuna ninayemkumbuka. Nikachukua karatasi nikamchorea: mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilieleza mpaka feni ikachoka.

Akaikunja karatasi mara mbili. "Sawa. Nitarekebisha."

Nimerudi nyumbani nimefurahi. Nikitaka kuwa mkweli, nilipiga mluzi njiani.

Jumapili, 9 Machi

Leo mke wangu ameitazama yote. Ilipofika korido akaweka kikombe chini.

"Popo," akasema.

Nikamuuliza Popo yupi.

Akanigeukia taratibu. "Daktari. Kwani wewe ulikuwa na Popo wangapi?"

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshusha maboksi ya kadi za wagonjwa kutoka juu ya kabati. Hii hapa, mwandiko wangu:

Popo. Dume, miaka kumi na mitatu. Mmiliki: mimi mwenyewe. Nyonga zote mbili zimekwisha. Anainua miguu ya upande mmoja kwa pamoja kukwepa maumivu. Sindano ya mwisho, saa nne asubuhi.

Tulimwita Popo kwa ajili ya masikio. Siku ile nilimwita kutoka mlango wa nyuma, akaja mwenyewe kutoka jikoni, korido nzima, akiyumba. Alinitii mpaka mwisho. Sindano ilikuwa mfukoni.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na homa, hakwenda shule. Nilifikiri amelala. Alipoamka nilimwambia Popo amekufa usingizini, kisha nikamchorea nyonga ya mbwa na kumweleza inavyolika. Hakuuliza swali hata moja. Nilidhani ameelewa! Nilimsifu kwa mama yake.

Mlango wa chumba chake ulitazama korido ile.

Namba 30. Kutoka chini mno. Si mtu aliyechuchumaa — ni kimo cha mtoto wa miaka tisa, mlangoni.

Alituona. Ameuweka mwendo ule moyoni miaka ishirini na minne, kisha akanichorea, akaniletea, akaniuliza kama nimewahi kumwona mbwa anayetembea hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimechelewa. Amekwisha kuuchora mwendo upya, siku tano bila kupumzika. Akanionyesha. Bwana Taratibu anatembea hesabu nne, sawasawa na karatasi yangu, sekunde kumi na mbili. Hakuna kosa. Ni mbwa anayekwenda kula.

"Ubora umepanda," fundi wa sauti akasema, bila kuniangalia.

Nikasema urudishwe ule wa kwanza.

"Kwa nini, baba?"

Hapa mlango ulikuwa wazi. Nami nikafanya nini? Nikaeleza. Kwamba mbwa mwenye nyonga mbovu huhamisha uzito upande mmoja, kwa hiyo kitaalamu mwendo wa kwanza unakubalika, namba 31 naifuta. Nilijisikia nikisema. Maneno yalikuwa sahihi yote.

Alisubiri nimalize. "Hiyo ndiyo sababu?"

Nikasema ndiyo.

"Kuurudisha ni kazi ya siku nzima, na sauti ipangwe upya. Tunakabidhi kesho kutwa saa kumi. Siwezi kumtesa mwenzangu kwa sababu ya kitaalamu." Akageukia kompyuta. "Ungekuwa na nyingine, ningefanya."

Nilikuwa katikati ya ngazi nilipoipata sentensi niliyopaswa kumwambia. Sikurudi juu. Miguu yangu nayo si ya kuaminika, lakini sababu haikuwa miguu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi nimeandika ujumbe wa simu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, una vifungu. Nikaufuta. Nikaandika:

"Popo hakufa usingizini. Nilikudanganya, na wewe ulikuwa mlangoni. Nisamehe mwanangu. Usiifupishe korido."

Mke wangu akauliza nimeandika kurasa ngapi. Nikamwonyesha. Akasoma, akanirudishia simu, akanishika bega. "Basi unaanza kupona, Daktari."

Umesomwa saa tatu na nusu. Hajajibu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi imepita. Wamekabidhi. Nimeangalia simu tena.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi wa maktaba umejaa. Naandika kwa mwanga wa filamu yenyewe, mistari inapandana. Mkono unataka kazi. Mke wangu kulia kwangu. Kushoto kiti kitupu. Binti yetu amekaa mstari wa mbele kabisa, alitusalimu kwa mbali akaenda.

Kabla taa hazijazimwa nilimvizia fundi wa sauti. Macho mekundu. Nikamuuliza wamekabidhi ipi. "Mzee," akasema, "mimi ni mbwa tu hapa. Muulize mwenye nyumba."

Jasho la usoni limeondolewa. Chokoleti imekuwa mkate. Kwenye lifti watoto wamecheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Nilikuwa sijajua kwamba filamu hii ni nzuri kiasi hiki. Niliitazama mara tatu, nikahesabu makosa.

Kuna mtu amekuja kwa kuinama asiwazibie watoto picha. Amekaa kwenye kiti kitupu. Ni yeye. Safari hii sielezi kitu.

Korido. Mlango wa mwisho uko wazi. Mbwa mzee ameinua mguu wa nyuma wa kushoto.

Natazama kama wa mbele umeinuka pamoja nao.